Sweta la Nyuma, Mlango wa Mbele

Duka lile lilikuwa na milango miwili, na kila mlango ulikuwa na sheria yake kuhusu kofia. Ukiingia kwa nyuma, kwenye chumba cha baridi wanakohifadhi nyama na samaki, unakabidhiwa sweta zito la kijivu lenye kofia, na usipoivaa hiyo kofia unafukuzwa siku hiyohiyo kwa kuhatarisha afya yako. Ukiingia kwa mbele pamoja na wateja, unapokewa na picha ya kichwa chenye kofia ya sweta kilichopigwa mstari mwekundu, na usipoivua unafukuzwa papo hapo kwa kuhatarisha mali. Mwenye duka ni mmoja na sweta ni lilelile. Wafanyakazi walikuwa wamelicheka jambo hilo zamani, mpaka likaacha kuchekesha.

Mzee Barafu alikuwa mtu wa mlango wa nyuma. Jina hilo alipewa na wenzake. Hakuwa mzee wa kutembelea mkongojo, alikuwa na miaka hamsini na kitu, ila baridi ilikuwa imemwongezea mingine bila kumuuliza. Aliingia chumba kile akiwa na kifua cha kubeba nusu ng'ombe, na sasa kifua chenyewe kilikuwa kimebaki na kazi moja tu, kukohoa. Daktari alimsikiliza mapafu mbele, akamsikiliza nyuma, kisha akasema bila kuzungukazunguka, "Mzee, toka kwenye baridi. Ukiendelea kukaa humo, mwakani sitakuwa na dawa ya kukupa." Mkewe alikuwa amekaa palepale kwenye benchi, akasikia kila neno. Tangu siku hiyo nyumbani kwao hapakuwa na mazungumzo mengine.

"Mbele kuna nafasi," mkewe alimwambia kila asubuhi huku akimjazia chupa ya chai. "Yule mlinzi wa mlangoni si ameacha? Nenda kaombe."

"Nitaomba."

"Nitaomba, nitaomba. Ngoja ngoja huumiza matumbo. Wewe itakumaliza mapafu."

Akaomba. Meneja alikuwa mwanamke kijana, mwembamba, mwenye kutembea haraka hata mahali ambapo hapakuwa na haraka. Alimtazama Mzee Barafu kuanzia mabuti mpaka mvi, akasita. "Mzee wangu, mlangoni si kusimama tu," alisema. "Mlangoni ni macho. Nitakujaribu siku chache. Ukifaa, utabaki mbele. Usipofaa, unarudi nyuma, na sina mahali pengine pa kukuweka."

Basi hapo ndipo mambo yaliposimama. Mbele kulikuwa na uhai, na nyuma kulikuwa na kile alichokisema daktari.

Kwa habari ya kofia, Mzee Barafu hakuhitaji kufundishwa na mtu. Baridi ya chumba kile haikuwa mgeni wa kuagwa mlangoni. Alitoka nayo, akatembea nayo, akafika nayo nyumbani. Kwa hiyo kila alipomaliza zamu alikwenda zake barabarani, jua likiwaka, yeye amejifunika kofia ya sweta na mikono ameizamisha mfukoni. Wanawake walihamisha mikoba begani. Muuza viatu wa pale kwenye kona alivuta viatu vyake karibu na miguu. Siku moja askari wawili walimsimamisha na kumwambia anyooshe mikono juu. Aliponyoosha, kofia ikaanguka nyuma, mvi zikaonekana, na wale wawili wakashusha sauti mara moja. "Ah, shikamoo mzee. Samahani sana, tulidhani ni kijana." Heshima yake yote ilikuwa kwenye mvi, na mvi zilikuwa ndani ya kofia. Aliitikia marahaba akaenda zake. Zamani angekasirika, lakini hasira nayo inataka nguvu, na nguvu zake alikuwa amezimaliza kwenye mizigo.

Mlangoni alipewa mashati mawili meupe na kofia ya mlinzi yenye ukingo mgumu, ambayo haikumtisha mtu yeyote. Mkuu wa walinzi, askari mstaafu waliyemwita Afande, alimfundisha kazi kwa maneno mafupi.

"Mwenye kujifunika ana la kuficha. Ukiona kofia, vuta pumzi. Ukiona na mikono mfukoni, niite."

"Na kama anasikia baridi?"

"Baridi gani, na jua lote hili?"

Mzee Barafu akashika nafasi yake. Alisimama pale akawaambia vijana wavue kofia, nao wakavua, wengine kwa kubinua midomo, wengine wakageuka wakaenda kununua kwingine. Wasichana wenye vitabu, mafundi waliojaa vumbi, mwanamume mmoja aliyetoka kunyolewa vibaya na ambaye kwa kweli angestahili kuachwa na kofia yake. Jioni alichoka zaidi ya alivyochoka kwa kubeba mizigo. Kumwambia mtu mzima ajifunue kichwa ni mzigo pia, ila huu hauna pa kuutua.

Lakini kikohozi kilipungua. Usiku wa kwanza mkewe aliamka akamwekea mkono kifuani, akidhani amekufa kwa jinsi kulivyokuwa kimya. Usiku uliofuata alilala usingizi mzito. Asubuhi alikuwa anaimba jikoni, na kabla ya jua kupanda majirani wote walikuwa wameshajua kwamba mume wake sasa ni mtu wa mbele.

Sasa inabidi nieleze desturi moja ya chumba cha baridi, maana bila hiyo mtu atasema mzee alirukwa na akili. Mle ndani anayetetemeka si wa kuogopewa. Anayetetemeka bado anapigana. Wa kuogopewa ni yule aliyesimama kimya, kainamisha kichwa, hasogei. Na huyo usimuulize hali, kwa sababu mtu anayeganda husema yuko sawa. Kila mmoja wao husema hivyo. Kwa hiyo waliweka utaratibu wao wenyewe: unamwendea kwa nyuma, unaivuta kofia yake kwa nguvu, unamfinya sikio kuanzia juu mpaka chini kabisa. Akikutukana, mzima huyo, mwache aendelee na kazi. Asiposema kitu, mkamate kiunoni umtoe nje haraka. Mzee Barafu na mwenzake wa zamu, mtu mkondefu waliyemwita Mnene, walikuwa wamefinyana masikio na kutukaniana wazazi kwa miaka mingi, na ndio uliokuwa urafiki wao. Mara mbili Mnene alikuwa amefinywa asitukane, akatolewa nje akiwa amebebwa.

Siku ya mwisho ya majaribio duka lilijaa. Mchana ulikuwa wa joto, watu wakaja kununua vinywaji na kujipoza. Mama mmoja mwenye kikapu alimjia Mzee Barafu mlangoni, akamnong'oneza kwa sauti ambayo hata makeshia waliisikia.

"Baba, kuna mtu kule kwenye majokofu ya samaki. Kajifunika. Mikono iko mfukoni. Na hatembei."

Mtu huyo alikuwa ameivua kofia mlangoni kama wenzake, kisha akaivaa tena alipofika kwenye ubaridi. Afande alikuwa upande wa pili wa duka. Akamwashiria kwa kidole: nenda, nakuja.

Mzee Barafu akaenda. Alipokata kona ya rafu za sabuni alimwona. Sweta la kijivu. Kofia. Kainama mbele ya jokofu lililoachwa wazi, mvuke mweupe unamzunguka, wala hasogei. Na hapo Mzee Barafu akasahau kila kitu: shati jeupe, mama wa kikapu, meneja na majaribio yake. Miguu ikajua inakokwenda. Alimjia kwa nyuma, akaivuta kofia kwa nguvu, akamfinya sikio mpaka chini kabisa.

"Mpumbavu wewe! Una wazimu?" Alikuwa kijana wa miaka ishirini hivi, macho yamemtoka, mkono sikioni.

Mzee Barafu akatabasamu.

Alitabasamu kwa sababu lilikuwa tusi zuri, lenye nguvu, tusi la mtu ambaye damu yake inatembea.  Lakini wateja walioinua vichwa hawakuwahi kufanya kazi kwenye chumba cha baridi. Walichokiona wao ni mlinzi aliyemvua mtu kofia, akamshika sikio kama mtoto aliyeiba sukari, na sasa anatabasamu. "Amemshika!" mtu akasema, mwingine akacheka, na simu zikatolewa. Afande akafika akihema, akamkamata kijana mkono, akampeleka ofisini, na Mzee Barafu akafuata nyuma akiwa anaanza kuelewa alichokifanya.

Ofisi ya meneja ilikuwa chumba kidogo chenye meza, feni na maboksi ya bidhaa zilizorudishwa. Kijana alisimamishwa ukutani. Afande alimpekua: simu na funguo za nyumbani, basi. Simu ikawekwa mezani. Mama wa kikapu, ambaye hakuna aliyemwita, alikuwa ameingia pia.

"Mimi nilimwona akiingiza kitu mfukoni," alisema.

"Kitu gani, mama?" meneja akauliza.

"Kitu. Sikukiona vizuri, alikuwa amejifunika."

"Atakuwa amekitupa aliposhikwa," alisema Afande. "Polisi watajua pa kukitafuta. Niwapigie?"

 Meneja aliwasha kamera wakatazama. Kamera ilionyesha mgongo, na juu ya mgongo kofia. Ungeweza kuitazama mpaka kesho isikuambie zaidi ya hapo. Kisha akamgeukia Mzee Barafu, na kwa mara ya kwanza tangu amfahamu alimtazama kwa heshima.

"Mzee wangu, nitakuwa mkweli. Nilikuwa nimeshaamua kukurudisha nyuma. Nilikuona mpole mno. Leo umenionyesha kwamba nilikosea." Akavuta kiti. "Sasa tuambie. Uliona nini?"

Feni ikazunguka. Mzee Barafu alimtazama kijana, ambaye alikuwa bado amejishika sikio na hakumtazama mtu yeyote. Ningependa kusema kwamba moyo wa mzee ulijaa haki na huruma. Hapana. Alifikiria mapafu yake. Alifikiria mkewe akiimba jikoni. Neno moja tu, niliona, na kazi ilikuwa yake, na uhai pamoja nayo.

Afande alimsogelea, akamwambia kwa sauti ya chini, si kwa ubaya, kama mtu anayemsaidia mwenzake kuvuka barabara. "Sema uliona mkono ukiingia mfukoni. Si uliona mikono mfukoni? Basi. Watamhoji tu. Kama hana kitu watamwachia."

Mzee Barafu alikuwa na jirani aliyekwenda kuhojiwa tu. Alirudi baada ya muda mrefu, akichechemea, na mpaka leo ukimuuliza kulikuwaje anakuuliza habari za watoto.

"Sikuona kitu," alisema.

Meneja akanyanyua uso. "Hukuona kitu, halafu ukamkamata?"

"Sikumkamata. Nilidhani ameganda."

Mama wa kikapu akaguna. Mzee Barafu akaeleza. Akaeleza habari ya kusimama kimya, na ya sikio, na kwa nini mtu haulizwi kwanza, na kwamba tusi ni dalili njema. Kadiri alivyoeleza ndivyo alivyosikia maneno yake yakiwa ya kipumbavu zaidi. Mle ndani kwenye baridi yalikuwa maneno ya busara kabisa, lakini hapa chini ya feni yalikuwa yanayeyuka. Alipofika kwenye habari ya Mnene, kikohozi kikamshika, wakamsubiri amalize kukohoa.

"Na wewe," meneja akamuuliza kijana, kwa uchovu, "ulikuwa unafanya nini pale muda wote huo?"

"Shangazi yangu alinituma samaki. Nikakuta aina tatu. Nikamwandikia nimuulize yupi, nikawa nasubiri ajibu."

"Na kofia?"

"Kulikuwa na baridi." Kisha akafikiri kidogo, akaongeza, "Hata isingekuwepo. Ni hudi yangu. Kwani lazima kuwe na sababu?"

 Simu ikatetemeka mezani, ikawaka, na meneja akaisoma bila kukusudia. Shangazi alikuwa amejibu: yule mwenye kichwa, na asikubali wa jana. Meneja akamrudishia kijana simu yake na funguo zake, akasema duka linaomba radhi kwa usumbufu. Alilisema hilo jinsi linavyosemwa pale mashine ya kaunta inapokwama. Afande akafungua mlango.

Mzee Barafu alimfuata kijana mpaka nje, kwenye ngazi.

"Mwanangu, nisamehe. Sikuwa na nia mbaya."

Kijana akageuka. Alikuwa anatetemeka, ila si kwa baridi. "Mimi si mwanao. Watu wamenipiga picha nimeshikwa sikio na mlinzi. Nakaa mtaa wa tatu tu kutoka hapa. Kesho nitapita wapi?"

"Nimewaambia ukweli mle ndani. Umesikia mwenyewe."

"Umewaambia wale watatu. Waliopiga picha umewaambia?"

 Mzee Barafu alikuwa ameweka kazi yake mezani kwa ajili ya mtu huyu, labda na zaidi ya kazi, na mtu huyu hakujua, na hata angejua asingekuwa na deni lolote. Kijana alivaa kofia yake, akaivuta mpaka kwenye nyusi, akashuka ngazi. Wanawake wawili waliokuwa wakipanda wakasogea pembeni kumpisha, mmoja akikumbatia mkoba wake.

Ndani meneja alikuwa akimsubiri, na hakumweka sana.

"Mzee, wewe ni mtu mwema, na ninakuambia hivyo kwa dhati. Lakini mlangoni nataka mtu ambaye akiona kofia anaona mwizi. Wewe ukiona kofia unaona mgonjwa. Siwezi." Aliangalia pembeni. Hakuwa mtu mbaya, na hilo lilimchosha Mzee Barafu kuliko kama angekuwa mbaya. "Kesho rudi nyuma. Shati utaliacha kwa Afande."

Alirudi nyumbani akiwa na shati la ndani na koti la kuazima. Mkewe alikuwa amepiga pasi shati jeupe la pili na kulitundika mlangoni pa chumba, mahali ambapo mgeni yeyote angeliona. Alimtazama mumewe mara moja tu, akaacha alichokuwa akikifanya, akakaa kwenye stuli. Mzee Barafu akamsimulia yote bila kuficha hata tabasamu.

Mkewe alisikiliza mpaka mwisho.

"Ungesema uliona mkono," alisema.

"Ningesema."

"Si alikuwa na mikono? Kila mtu ana mikono. Usingekuwa umesema uongo."

"Nilifikiria hivyo hivyo."

"Hukufikiria. Ungefikiria usingekuja hapa ukiwa huna shati." Sauti yake ilikuwa inapanda. "Unataka niseme umefanya vizuri. Majirani watasema hivyo, nami nitaitikia, ndiyo, mume wangu ni mtu mwema. Watu wema nawaona wakizikwa kila siku, wanasifiwa mpaka jua linazama. Mimi sikuomba mume mwema. Nilitaka mume mzima."

Mzee Barafu akakaa kitandani. Alitafuta jibu akakuta kwamba mkewe ana haki, na kijana wa ngazini alikuwa na haki, na hata meneja kwa namna yake alikuwa na haki, na yeye aliyesema ukweli ndiye pekee aliyebaki bila kitu cha kujitetea.

"Alikushukuru, walau?" mkewe akauliza.

"Nani?"

"Huyo mtoto wa watu."

"Hapana. Alikuwa na hasira. Alikuwa na sababu."

Mkewe alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei asiyoiweza. Kisha akaanza kulia, yeye ambaye kwa daktari hakutoa hata chozi, ambaye alitoka pale akiuliza wapi wanauza asali safi. Alilia akiwa ameketi wima, mikono mapajani, bila kujifuta.

"Naogopa," alisema. "Nakusikiliza kila usiku unavyovuta pumzi. Naogopa."

Walikuwa wameoana miaka mingi, wamezika wazazi na kuoza watoto, na neno hilo lilikuwa halijawahi kusemwa ndani ya chumba kile.

"Na mimi naogopa," alisema Mzee Barafu.

Alihama kitandani akaenda kukaa sakafuni karibu na stuli, kwa sababu hapakuwa na kiti kingine. Walikaa hivyo mpaka chakula kikapoa. Kesho zamu yake ilianza asubuhi, na wote wawili walijua kwamba angekwenda.